Mwanamke Aliyeomba Mwezi Usionekane

Waithera alikuwa mwoga, na ukimwambia hivyo hakukasirika. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kazi yake ilikuwa kuwapigia watu pasi kule Lavington, siku nne kwa wiki, katika nyumba tatu zenye kuta ndefu. Walinzi wa malango yale walimjua kwa miaka kumi na mmoja, lakini bado aliwasalimia kama mtu anayeomba msamaha. Aliogopa mbwa, waliofungwa na wasiofungwa. Aliogopa lifti, barua zenye muhuri na namba za simu asizozijua. Zaidi ya yote aliogopa kumsumbua mtu. Angeungua na pasi aseme si kitu, aendelee na kola ya shati. Watu wa namna hii husifiwa kwa upole, na sifa hiyo ndiyo inayowaponza.

Wiki ya mwisho ya Ramadhani alipata hofu moja iliyozimeza nyingine zote. Mama yake, Wamucii, ambaye jengo zima walimoishi, mtaa wa Satellite, lilimwita Cucu, yaani bibi, alikuwa na mapafu yaliyochoshwa na moshi wa kuni wa miaka sitini. Aliishi kwa mashine ya oksijeni iliyokaa kando ya kitanda ikinguruma mchana na usiku. Jumamosi mashine ilianza kupiga kelele kama ndege aliyebanwa, na Jumapili asubuhi ikanyamaza. Kliniki ya karibu ilimwazima Waithera mtungi mmoja mkubwa wa hewa, wa mwisho waliokuwa nao. Hospitali ilikuwapo, ndiyo. Lakini Cucu alikuwa amelazwa wiki tatu mwaka uliopita, na aliporudi alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kule harudi akiwa hai.

Jumatatu Waithera aliomba ruhusa kazini, akaibeba mashine hadi mjini, kwa fundi aliyeambiwa ndiye anayezijua. Abdulrauf alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye kibanda ghorofa ya chini ya jengo moja nyuma ya Mtaa wa Luthuli. Alikuwa amefunga, midomo imekauka, lakini aliifungua mashine palepale na kuichungulia ndani.

"Kompresa imekufa, hii pampu ya hewa," alisema. "Nyingine nitaipata kesho asubuhi. Nikishaiweka lazima mashine iende kutwa nzima nikipima hewa, siwezi kukupa hivihivi. Njoo Jumatano saa mbili."

"Sawa, fundi."

"Lakini sikiliza, mama. Kesho ni ishirini na tisa ya mwezi wetu. Mwezi mpya ukionekana jioni, Jumatano ni Idd, sifungui. Tutaonana Jumamosi. Usipoonekana, tunafunga siku moja zaidi na utanikuta hapa. Mgonjwa ana mtungi?"

"Ako nao."

"Utafika Jumamosi?"

Mtungi ule usingefika Jumamosi. Daktari wa kliniki alimwambia ukitumiwa kwa ubahili utafika Jumatano saa tatu, labda saa nne. Waithera alijua hivyo kama anavyojua jina lake. Alifungua mdomo, akamwona kijana amefunga, amechoka, wateja wengine watatu wamesimama nyuma.

"Utafika," alisema. "Usijali."

Tusiharakishe kumhukumu. Waithera alilelewa Msabato. Tangu utotoni, jua la Ijumaa likitua, nyumba ya Wamucii ilifungwa kwa kazi zote. Nguo hazikufuliwa, moto haukuwashwa upya, na aliyekuja na shida ya biashara alirudishwa langoni, hata awe ndugu. Kwa hiyo aliposikia kwamba mwezi ukionekana sikukuu imeingia, alidhani sikukuu zote ni za mtindo mmoja. Kumwomba Mwislamu afungue duka siku ya Idd kulikuwa kwake sawa na kumwomba mama yake afue mapazia Jumamosi. Angekufa kwa aibu kwanza. Hakufikiria ni nani angekufa hasa.

Usiku huo alichukua daftari akaugawa ukurasa katikati kwa mstari. Upande mmoja aliandika *Mwezi hakuna*, na chini yake mpango mzima: kuamka saa kumi na moja, uji wa Cucu, gari la saa kumi na mbili na nusu, mjini kabla ya saa mbili, kurudi kwa pikipiki ili saa tatu mashine iwe imechomekwa. Upande wa pili aliandika *Mwezi iko*. Chini yake hapakuwa na kitu. Alikaa na kalamu muda mrefu, akaandika *Mungu*, akalifunga daftari.

Jumanne jioni alipanda juu ya paa la jengo, penye kamba za nguo, akamkuta jirani yake Saleha na watoto wake wawili, Afnan na Rumaisa. Saleha alikuwa mzaliwa wa Mombasa, mwalimu wa madrasa, na mlango wake ulitazamana na wa Waithera ng'ambo ya ua, ghorofa ya chini. Watoto walikuwa wamepakwa hina mikononi, wakining'inia ukutani na kutazama upande wa Ngong, jua linakotua. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na upande ule wote ulikuwa mawingu mazito.

"Na wewe umekuja kutafuta mwezi, Mama Jeremy?" Saleha alimtania. "Leo umesilimu?"

Waithera alicheka kidogo. Alisimama nyuma yao, mikono ndani ya sweta, akaomba. Aliomba mawingu yasitawanyike. Aliomba mwezi ule usionekane na jicho la mtu yeyote, na alipomwona Rumaisa akinyoosha shingo kwa tamaa ya sikukuu na gauni jipya, aliona haya kuomba dhidi ya mtoto, lakini hakuacha. Giza liliingia bila kitu kuonekana.

"Hapa hatuoni," Saleha alisema. "Twendeni tukafuturu."

Waithera alishuka ngazi kwa wepesi. Alimpa Cucu uji, akatazama mshale wa mtungi, akauona umeshuka kuliko alivyotarajia, lakini alijiambia kesho saa tatu si mbali. Alikuwa anasuuza kikombe aliposikia watoto wa jengo wakipiga kelele za furaha, na Saleha akabisha.

"Umeonekana," alisema akitabasamu. "Lamu wameuona, na Mandera pia. Imeshatangazwa, kesho ni Idd. Nitakuleteeni biriani."

"Lakini kulikuwa na mawingu."

"Huku kwetu, ndiyo. Mwezi wa nchi ni mmoja."

Waithera aliketi sakafuni, kikombe mkononi. Kwa mara ya kwanza katika ujirani wa miaka sita alimwambia Saleha jambo lenyewe kama lilivyo, mtungi na saa zake na uongo aliomwambia fundi. Saleha hakutabasamu tena.

"Kwa nini hukumwambia ukweli?"

"Nilijua akisherehekea hashiki kazi. Ni siku yenu takatifu."

"Idd si Sabato, Mama Jeremy. Asubuhi tunakwenda kuswali, tukirudi tunakula, na mtu akitaka kufungua duka atafungua, nani atamzuia? Wengi hawafungui kwa sababu wanataka kukaa na watoto wao. Na hata ingekuwa haramu, huyu ni mgonjwa. Mpigie sasa hivi."

Alimpigia. Simu iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena. Alipiga mara kumi na moja, na kila ilipokatika bila kupokelewa alisikia kama ameambiwa hapana, akaona ni haki yake kuambiwa hivyo. Hawakujua fundi anaishi wapi. Wangeweza tu kupanga yaliyowezekana: Waithera aende mjini alfajiri, amwulize mlinzi wa jengo, kwa maana walinzi huwajua mafundi wao mpaka na nyumbani kwao. Saleha angekuwa anamchungulia Cucu dirishani mpaka wakati wa kwenda kwenye swala.

"Basi niachie ufunguo," Saleha alisema.

Waithera alisita. Aliwahi kuibiwa mara moja, miaka mingi nyuma, wezi wakapita na redio mama yake akiwa amelala palepale. Tangu hapo mlango ulikuwa wa chuma, na kufuli lilikaa ndani ya kisanduku cha chuma ambako hata msumeno usingefika. Ufunguo ule hakuwahi kumpa mtu, hata mwanawe Jeremy anapokuja kutoka Eldoret.

"Sio lazima," alisema. "Utakuwa kwa watu wengi, unaweza kupotea. Mimi nitarudi mapema."

Saleha aliona haya kumsisitiza. Hilo nalo lilikuwa kosa la upole.

Asubuhi Waithera alimwachia Cucu simu yake na kumwonyesha mara tatu kitufe cha kumpigia Saleha.

"Na namba usioijua ikipiga usishike," alimwambia. "Ni wezi. Mtu akigonga mlango, nyamaza kabisa, ajue hakuna mtu."

"Mmh," Cucu alisema. Hakuwa na pumzi ya maneno mengi. Mshale ulikuwa umeanza kugusa wekundu. Waithera alifunga mlango kwa nje, akavuta kufuli mara mbili, akaenda.

Mji ulikuwa umefungwa. Serikali nayo ilikuwa imetangaza mapumziko, kwa hiyo hata wasioswali walikuwa wamelala. Mtaa ambao Jumatatu ulimkanyaga vidole ulikuwa mtupu, milango ya maduka yote imeshushwa, kufuli baada ya kufuli. Wanaume wenye kanzu nyeupe walipita wawili wawili wakienda kuswali, wamebeba mikeka yao. Walimsalimia kwa furaha, naye aliwaitikia huku akiwatazama mmoja mmoja usoni, akimtafuta Abdulrauf, na kila uso ulipokuwa si wake moyo ulimshuka. Lile jengo lilikuwa na mnyororo langoni. Ndani yake alikaa mlinzi, Mulwa, mtu wa makamo mwenye koti kubwa, akila mkate na chai ya chupa.

Waithera aliona vibaya kumkatiza. Alisimama. Kisha akakumbuka mshale, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Natafuta fundi Abdulrauf. Anaishi wapi?"

"Fundi ametoka hapa sasa hivi," Mulwa alisema. "Saa mbili kasoro hivi. Alikuja kuchukua simu yake, jana aliisahau kwa meza akikimbia kufuturu. Ameiangalia, akashika kichwa. Ameingia, ametoka na mashine moja kubwa, amefunga na kamba kwa boda, ameenda."

"Mashine gani?"

"Ile iko na karatasi. Imegundishwa na gundi mingi, imeandikwa jina ya mwenyewe, mpaka nyumba, mpaka rangi ya geti. Akaniambia, Mulwa, mtu akipiga mara kumi na moja ana shida. Ameenda Satellite."

Karatasi ile Waithera aliibandika mwenyewe Jumatatu, kwa hofu kwamba mashine itapotea. Mtu mwingine angeruka kwa furaha. Yeye alishika mnyororo wa lango kwa mikono miwili. Mashine ilikuwa inakwenda nyumbani, na nyumba ilikuwa imefungwa, na ufunguo ulikuwa hapa, mfukoni mwake, mjini.

"Nisaidie simu," alisema.

Namba ya Saleha hakuijua kwa kichwa, wala ya fundi. Zote zilikuwa ndani ya simu aliyomwachia Cucu. Aliyoijua ilikuwa yake mwenyewe, akaipiga. Iliita. Alisikia ile milio ikienda hadi chumbani kwake, juu ya blanketi la mama yake, na mama yake hakushika. Alipiga mara ya pili, mara ya tatu. Ndipo alipokumbuka kwamba kwa Cucu namba ya Mulwa ilikuwa namba asiyoijua. Au hakushika kwa sababu nyingine. Alijaribu kuamini ile ya kwanza.

"Mama, keti kidogo," Mulwa alisema. "Umegeuka rangi."

Hakuketi. Kule mwisho wa mtaa palikuwa na pikipiki moja, na Waithera, ambaye hakuwahi kupanda pikipiki bila kusali kwanza, alipanda na kumwambia kijana aende mbio. Kijana alikwenda mbio. Walipita Ngong Road iliyokuwa tupu, wakapita njia ya kuingia Jamhuri, na mahali fulani kushoto alisikia vipaza sauti vya swala, watu wengi wakisema neno moja kwa pamoja. Alikuwa anahesabu. Saa mbili imepita. Kama mtungi uliisha saa mbili, ni dakika kumi. Kama uliisha mapema, ni nusu saa. Mtu wa mapafu yale nusu saa hafiki. Alimwambia kijana aongeze mbio tena, na kijana akasema mathe, hii ndio mwisho yake.

Lango la jengo lilikuwa wazi. Waithera alishuka, akatazama uani, akasimama.

Mlangoni pake palikuwa na watu. Palikuwa na mwanaume mwenye kanzu nyeupe amechuchumaa, na wanawake watatu wenye mabuibui, na watoto wenye nguo mpya waliosimama kimya, mikono yenye hina imeshikana. Hapakuwa na mtu aliyecheka. Waithera alikuwa amehudhuria misiba ya kutosha kujua watu husimama vipi mlangoni pa aliyefiwa. Hakuweza kwenda mbele. Alisimama pale langoni, ufunguo mkononi, akasema moyoni: nimemuua. Nimemfungia ndani, nikamuua.

Kisha akasikia mngurumo.

Mashine ilikuwa sakafuni, mbele ya mlango wa chuma, ikifanya kazi. Waya wake ulikatiza uani mpaka ndani ya nyumba ya Saleha. Mrija wake mwembamba ulipanda ukutani, ukapita kati ya nondo za dirisha la chumba cha Cucu, na Saleha alikuwa amepanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono wake wote umeingia ndani ya nondo mpaka begani, akiushikilia mrija mahali fulani ambapo Waithera hakupaona.

"Vuta polepole, Cucu," Saleha alikuwa akisema. "Tena. Hivyo hivyo, mama yangu."

Waithera alikwenda mpaka mlangoni, lakini alijaribu mara tatu, ufunguo ukakataa kuingia kwenye kile kisanduku. Abdulrauf aliuchukua, akafungua. Kanzu yake ilikuwa na mafuta ya pikipiki kuanzia kiunoni hadi chini. Aliibeba mashine ndani, akaichomeka upya, akaufunga mrija vizuri puani mwa Cucu, akampima kidole kwa kidude kidogo cha kupimia oksijeni, akangoja, akapumua kwa nguvu kana kwamba na yeye alikuwa amekosa hewa.

Cucu alikuwa hai. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu, macho yamefumbwa, lakini kifua kilipanda na kushuka.

"Mama," Abdulrauf alimwambia Waithera kwa sauti ya chini, "nilikuuliza kama mtungi utafika."

"Uliniuliza."

"Ungeniambia ukweli, ningekuletea mwenyewe jana kabla jua halijatua. Mashine ilikuwa tayari saa tisa. Uliogopa nini?"

Waithera angeweza kusema sikukuu, au Sabato, au wale wateja watatu. "Nilikuogopa wewe," alisema.

Kijana alijitazama mikono yenye grisi, akamtazama tena. "Mimi?" alisema.

Hapo Cucu alifumbua macho. Alizungumza maneno mawili matatu, akapumzika, akaendelea, na wote walilazimika kuinama ili wamsikie.

"Hewa iliisha simu ikilia," alisema. "Sikushika. Namba siijui." Alivuta pumzi. "Halafu nikasikia watu. Wanatingisha mlango. Wanagonga. Nikajua ni wezi." Alivuta nyingine. "Nikanyamaza kabisa. Hewa hakuna, na nimenyamaza. Nikasema wacha niende polepole, wasijue kuna mtu."

"Aliniitikia nilipomwita mara ya sita," Saleha alisema kutoka mlangoni. "Nilidhani ameshakwenda."

Cucu alimtazama binti yake. Hakukuwa na ukali wowote machoni pake. "Nilifanya vile uliniambia," alisema.

Waithera alipiga magoti kando ya kitanda. Alimshika mama yake mguu juu ya blanketi na kukaa hivyo, huku nyuma yake Rumaisa akimvuta Saleha buibui, akiuliza kama sasa wanaweza kwenda kuswali, na Saleha akimwambia kwamba swala imeshakwisha.